Waraka kwa Mheshimiwa Aliyetuletea Sensa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Uzalishaji,

Mimi ni yule fundi uliyempa mkono mwaka juzi kwenye bwalo la chakula, siku ulipozikusanya zamu zote tatu kutuonyesha ukutani picha za mfumo mpya wa sensa za mitambo. Nilikuwa nimesimama karibu na birika la chai. Uliniuliza nina miaka mingapi kiwandani, nikakujibu thelathini na mmoja, nawe ukatamka mbele ya watu wote kwamba maarifa kama yangu ndiyo msingi wa mfumo ule. Najua unalikumbuka neno hilo, maana ulilisema kwa utulivu, na mtu mwenye shughuli nyingi kama wewe hapotezi maneno. Nimestaafu tangu Juni. Barua tatu nilizokuandikia nikiwa kazini najua zilifika, kwa kuwa katibu wako aliyegonga mhuri wa kupokelewa alinirudishia nakala. Hii ya nne naiandika hadharani, huenda njia ya hadharani ikawa fupi kuliko ile ya ngazi za ofisi yako.

Naanza na shukrani, na naomba uzipokee kama zilivyo. Sensa ulizotuletea ni nzuri. Kwa miaka mingi chombo chetu cha kusikilizia kilikuwa bisibisi ndefu: ncha juu ya nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kwa njia hiyo nimezikamata beringi nyingi zikianza kulia, lakini sikufichi, nyingi nilizikamata muda umeshakwenda. Sensa ya mtetemo huisikia beringi ya mota muda mrefu kabla ya bisibisi yangu. Gololi ikipita juu ya ufa hugonga, na mapigo hayo yana hesabu yake. Beringi namba 6205 yenye gololi tisa, kwenye mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, ikipata ufa kwenye ringi ya nje itagonga takriban mara 87 kila sekunde. Mfumo wako unalitafuta pigo hilo ndani ya kelele ya kiwanda kizima mpaka unalipata. Sikio la mtu haliwezi. Wanaosema mafundi wazee tuliupinga mfumo kwa kuogopa kompyuta hawakuwahi kutuuliza.

Siku ile ulisema pia kwamba zama za kufungua mtambo kwa sababu kalenda imefika zimekwisha. Nilipiga makofi, na sikupiga kwa adabu tu. Mwaka 1978 watumishi wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, Stanley Nowlan na Howard Heap, walitoa ripoti iliyobadilisha kazi yetu duniani kote. Walichunguza vipuri vya ndege wakakuta ni kama asilimia 11 tu ambavyo kuhesabu umri wake kulisaidia kujua lini vibadilishwe. Asilimia 68 hatari yake kubwa ilikuwa mwanzoni, vikiwa ndiyo kwanza vimefungwa. Ina maana fundi anayefungua kisichouma aweza kukitia ugonjwa yeye mwenyewe. Aliyekuandalia zile picha aliisoma ripoti hiyo, na alichokichukua alikichukua sawasawa. Akaacha swali ambalo wale mabwana waliliweka mbele ya mengine: chombo hiki kikifa, kitamfanya nini mtu aliye karibu nacho? Kiwandani kwetu swali hilo halikuulizwa. Sensa zilifungwa kwanza kwenye mota za ghorofa ya chini, ambako kuzifikia ni rahisi na wageni hupita kuziona. Kule juu, kwenye kichwa cha eleveta ya ngano, zilifika mwisho kabisa, bajeti ikiwa imeshapungua.

Hapo kwenye eleveta naomba unisikilize taratibu, Mheshimiwa, kwa kuwa ndipo ahadi zako zote zilipokutana usiku mmoja.

Eleveta unaijua: mkanda wa mpira wenye vikombe, unaopandisha ngano hadi ghorofa ya juu ndani ya boksi la chuma lililofungwa pande zote. Ndani yake kuna vumbi siku zote. Shafti ya juu inashikwa na beringi mbili za rola, namba 22216, maana yake tundu lake ni milimita 80; zidisha ile kumi na sita ya mwisho kwa tano. Hesabu hiyo nilimfundisha kila kijana aliyepita mikononi mwangu. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, sensa ya joto ya beringi ya kushoto ilianza kupanda, kutoka nyuzi hamsini na kitu hadi sitini na nane. Skrini ikageuka njano. Sensa ya mtetemo iliyokaa palepale haikusema kitu, na wala si kosa lake. Waliokuja kuziwasha waliweka kiwango kilekile cha mota kwenye shafti isiyofika mizunguko mia kwa dakika, na kitu kinachozunguka polepole hivyo chaweza kuoza huku kasi ya mtetemo wake ikionekana ndogo. Kijana aliyekuwa zamu, binti tuliyempata kutoka chuo cha ufundi cha VETA, alilijua hilo. Alipanda juu, akaweka mkono, akashuka, akaandika.

Uliahidi, na najua unakumbuka kwa kuwa ulitumia kidole kuhesabu, kwamba rangi ikiwa njano fundi wa zamu ataamua, hataomba. Binti yule aliomba. Aliomba usiku ule, akaomba kesho yake, na siku ya nne akaniomba mimi nikamwombee. Tulijibiwa kwa upole mkubwa kwamba oda za Ramadhani haziwezi kusubiri, kwamba kila duka la Dar linataka unga wa maandazi na sambusa, na kwamba tungepewa saa sita Jumapili. Jumapili ilipofika tukapewa Jumapili nyingine.

Hata tungepewa zile saa sita, tungefunga nini? Katika bwalo lilelile ulisema mfumo ukitabiri mapema hakutakuwa na haja ya kulundika spea. Kitu kitaagizwa kinapohitajika, na fedha iliyolala stoo itafanya kazi nyingine. Fedha ile kweli iliamka. Ila utabiri wa siku kumi na moja hautoshi kwa beringi inayosafiri siku arobaini, achilia mbali siku za kutoa mzigo bandarini. Nilikwenda mwenyewe kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, duka kwa duka. Nilipata mbili. Ya kwanza maandishi yake yalifutika nilipoyasugua kwa kidole gumba. Ya pili ilikuwa ya kweli, kwa bei ya kweli, na ununuzi wake ulihitaji sahihi tatu, mojawapo yako. Ulikuwa safarini kwenye mkutano wa viwanda vya kidijitali. Sikulaumu kwa kusafiri; nasikia uliwasilisha mada yetu vizuri.

Siku ya kumi na moja, saa tisa usiku, beringi ilikwama. Mkanda ulivutwa upande ukaanza kusugua boksi la chuma. Aliyetambua ni mama anayefagia ghorofa ya pili: alisikia harufu ya mpira unaoungua, akapiga kelele, na yule binti akakimbia akabonyeza kitufe chekundu. Skrini wakati huo bado ilikuwa njano. Taarifa iliyokwenda kwa bodi, ambayo nimepata heshima ya kuisoma, inasema mfumo uliligundua tatizo siku kumi na moja mapema na hakuna aliyeumia. Sikuona ndani yake neno hata moja la uongo.

Wewe ni msomi kunishinda, kwa hiyo nakukumbusha tu. Vumbi la unga likiwa hewani ndani ya kitu kilichofungwa, likapata moto, hulipuka kama baruti. Mwaka 1878 kinu cha Washburn kule Minneapolis kililipuka hivyo wakafa watu 18. Utasema hayo ni ya zamani. Basi chukua Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, jimbo la Georgia: wafu 14, na wengi walioungua vibaya. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliona kwamba chanzo yamkini kilikuwa beringi iliyopata moto kwenye konveya ya chuma iliyofungwa, chini ya maghala ya sukari. Beringi moja, Mheshimiwa, kwenye boksi lililofungwa, penye vumbi. Sisi tulikuwa na beringi hiyohiyo ikituita siku kumi na moja kwa rangi, na kilichotuokoa ni pua ya mama anayelipwa kwa siku.

Sijasema hayo ili kuidharau sensa, nami nitasikitika ukinielewa hivyo. Sensa ilisema kweli. Ilimwambia mtu asiye na ruhusa ya kuzima, asiye na spea ya kufunga wala mwenzake wa kumshikia spana.

Kuhusu wenzake, nalazimika kugusa ile ahadi ya kwanza kabisa, uliyoisema kabla chai haijamiminwa: kwamba hakuna fundi atakayepoteza kazi kwa sababu ya mfumo. Ahadi umeitunza kwa uangalifu wa mwanasheria. Hakufukuzwa mtu, mikataba saba kati ya kumi na miwili haikuongezwa. Tofauti hiyo naielewa, na zile nyumba saba zimeielewa vilevile. Mmoja wa hao saba kazi yake ilikuwa grisi, miaka yote grisi tu. Ilionekana kazi ndogo. Lakini beringi hufa kwa grisi nyingi kama inavyokufa kwa grisi kidogo: ukiijaza kupita kiasi inajikoroga yenyewe, inachemka, inakauka. Yeye alijua kila chuchu ya grisi ya jengo lile, ipi ipigwe mara mbili na ipi iachwe mpaka mwezi ujao. Baada yake kazi ile ikagawanywa kwa yeyote mwenye nafasi, na mwenye nafasi hupiga mpaka grisi itoke nje, aonekane amefanya. Sensa ya joto iliyaona matokeo. Sababu ilikuwa imeshapanda daladala kwenda Mbagala.

Nashukuru pia kwa kuniheshimu baada ya kustaafu. Nimeitwa mara mbili, zote usiku wa manane, mara ya pili na gari la ofisi. Mwaka 1983 mama mmoja msomi wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliandika makala kuhusu jambo hilihili: kadiri mtambo unavyojiendesha wenyewe, ndivyo binadamu anavyobakiziwa yale magumu ambayo mashine imeshindwa, na wakati huohuo ananyimwa mazoezi ya kila siku ambayo yangemwezesha kuyakabili. Miaka zaidi ya arobaini imepita na bado nilimsoma kama mtu aliyetembelea kiwanda chetu wiki iliyopita. Mimi nina miaka sitini na kitu na goti moja bovu. Gari la ofisi litanifuata mara ngapi?

Jibu lilikuwa liwe mafunzo. Hapa ndipo ulipozungumza kwa uzuri zaidi. Ulituambia kwamba mapinduzi haya ya nne ya viwanda yalitangazwa Hannover, kwenye maonyesho ya mwaka 2011, na kwamba nasi tutakwenda kwa mwendo wa Wajerumani. Nilifurahi kwa sababu nilijua kidogo mwendo wao. Kule kijana anayesomea ufundi wa mitambo na umeme kwa pamoja hukaa miaka mitatu na nusu, kiwandani na shuleni kwa zamu, akilipwa. Mwaka 2018 waliifanyia marekebisho mitaala ya fani hizo wakaingiza kazi ya kidijitali na usalama wa taarifa, ili anayeshika spana awe pia anayesoma data. Sisi tulipata siku mbili hotelini. Chakula kilikuwa kizuri na cheti nimekitundika sebuleni. Mafunzo yalitolewa kwa Kiingereza na muuzaji wa mfumo, aliyetufundisha jinsi ya kuufungua mfumo, na kuufunga.

Lugha ni jambo dogo kulirekebisha na kubwa kuliacha, kwa hiyo naliomba peke yake. Skrini ya zamu inasema Kiingereza. Mafundi wengi wa usiku wanakijua Kiingereza cha kutosha kutambua neno la hatari, lakini hawakijui cha kutosha kutambua hatari ya aina gani, au wafanye nini kwanza. Maonyo yote ya mfumo ni sitini na manne. Nimeyatafsiri kwa Kiswahili cha kiwandani, na chini ya kila moja nimeandika hatua tatu za kuchukua. Nimetumia majuma mawili ya mwisho ya utumishi wangu. Niliyakabidhi ofisini kwako yakiwa kwenye bahasha ya kaki.

Juu ya leseni ya mfumo nitasema kwa ufupi. Mwezi ada ilipochelewa, skrini zote zilizimwa kutoka ng'ambo siku tisa. Sensa zetu, mota zetu, mtetemo wetu wenyewe, na hatukuweza kuuona. Uliahidi data ya kiwanda itakuwa mali ya kiwanda. Linganisha na wenzetu: Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro, ya Norway, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao waliozifunga kompyuta zake katika nchi nyingi wakitaka fidia. Haikulipa. Penye uwezekano viwanda vyake viliendelea kwa mikono na karatasi, kwa kuwa watu waliojua kufanya hivyo walikuwa bado wapo. Katika siku zetu tisa nasi tulirudi kwenye bisibisi na daftari, ila kwa watu watano, na daftari tukalikosa.

Maana daftari, Mheshimiwa, zilitolewa kama takataka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata eleveta. Tangu nilipoajiriwa kila zamu iliandika: tarehe, mtambo, kilichosikika, kilichofunguliwa, kilichokutwa ndani. Mwandiko mbaya, kurasa zenye mafuta. Ulipotuonyesha akili bandia ulieleza, na ulieleza sawasawa, kwamba hujifunza kwa mifano ya vitu vilivyoharibika. Mifano hiyo ilikuwa mle. Sensa zina miaka miwili ya kusikiliza mitambo mizima, na kwa mitambo mizima peke yake akili hiyo haiwezi kujua kifo kinafananaje. Daftari zilikuwa na miaka thelathini ya vifo: beringi gani ya eleveta ilikwama mwaka gani, baada ya masika gani, iliwekwa na nani, ilikuwa ya duka gani. Mtu mmoja angekaa na kijana mwenye kompyuta miezi mitatu, wangempa mfumo wako elimu ambayo muuzaji hawezi kukuuzia kwa bei yoyote. Zilipakiwa kwenye kenta pamoja na magunia mabovu, wiki ya kupaka rangi ofisi. Nilikuwa zamu ya mchana. Niliziwahi nne.

Ninazo nyumbani, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni zisiliwe na mchwa. Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, nitazileta getini hapo Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wazee bado tunaiita Pugu Road, pamoja na nakala nyingine ya yale maonyo sitini na manne, endapo bahasha ya kwanza haijafunguliwa. Naomba anipokee yule binti wa zamu, kwa kuwa ndiye atakayezitumia. Na naomba siku hiyo akabidhiwe barua inayomruhusu kuisimamisha eleveta rangi ikiwa njano, bila kumpigia mtu simu. Ili nisikuchukulie muda, barua hiyo nimeshaiandika, ina mistari minne, nimeiambatanisha hapa. Imebaki sahihi yako.

Ramadhani ijayo haiko mbali, na beringi ya kulia ina umri sawa na ile ya kushoto.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa matengenezo,
aliyesimama karibu na birika la chai